Je, Wajua? Kigae cha Kioo Hakisemi Uongo

Je, wajua kwamba kioo kilichopasuka ndani ya tanuri hukueleza chenyewe kilipasuka wakati gani? Fundi anafungua mlango asubuhi na kukuta sahani ya rangi tatu aliyoipanga jana imegawanyika mapande mawili. Wengi hapo hukusanya na kutupa. Mjuzi hutazama kwanza ukingo wa ufa. Ukiwa na makali ya kukata ngozi, sahani ilipasuka ikipoa, kwa sababu baada ya ajali hiyo haikupata tena joto la kuulainisha. Ukiwa umeviringika na kung'aa, ilipasuka mapema, moto ulipokuwa ukipanda kwa pupa, kisha tanuri likaendelea kupanda hadi kingo zikaanza kuyeyuka. Hutokea hata pande moja likateleza, likagusana na mwenzake kwa pembe nyingine na kugandana nalo hapo hapo, upogo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kuna cha kuokoa. Kosa la kupandisha moto haraka si la kioo, ni la mwenye tanuri: vipande hurudishwa, joto hupandishwa taratibu, na mara nyingi kazi hupona. Ufa wa kupoa una sura mbili. Ukikatiza katikati ya sahani bila kujali rangi, kioo kilipozwa haraka mno. Ukifuata mpaka wa rangi na kukizunguka kipande fulani, basi vioo viwili visivyopatana viliwekwa kitanda kimoja, na hapo hakuna moto utakaovisuluhisha. Hata ukiviunganisha upya vitaachana tena, labda kesho, labda baada ya miezi mitatu sahani ikiwa imeshauzwa na iko mezani kwa mteja.

Sanaa tunayoizungumzia si ya kupuliza kioo kwa bomba. Hapa vipande hukatwa baridi, hupangwa kwenye ubao wa tanuri uliopakwa udongo mweupe ili visigande nao, kisha mlango hufungwa. Kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi kioo hulegea na kuinama kufuata umbo la kibia kilicho chini yake. Karibu na 740 vipande hushikana huku kila kimoja kikibaki na sura yake. Kwenye 800 hivi huyeyukiana kabisa na kuwa kitu kimoja bapa. Hizo ni nyuzi za kioo cha sanaa. Cha dirisha na cha chupa hudai zaidi kidogo.

Jambo dogo linaloshangaza wanaoanza: kioo kilichoyeyuka kina unene kinaoupenda, nao ni takriban milimita 6. Ukipanga tabaka moja jembamba, litajikunja kuelekea ndani hadi lifikie unene huo. Ukirundika tabaka nyingi, zitatambaa kando. Kwa hiyo anayeokoa vigae asishangae mraba wake ukitoka tanurini na kiuno.

Ndugu wa damu na ndugu wa rangi

Kila aina ya kioo ina namba yake ya kutanuka. Kioo cha sanaa cha Bullseye, kampuni iliyoanzishwa Portland, Marekani, mwaka 1974, kina 90. Aina nyingine maarufu ya kazi hii ina 96. Kioo cha dirisha kinakaribia 85, na kile cha vyombo vya maabara, borosilikati, ni 33 tu. Maana ya 90 ni kwamba kioo cha urefu wa mita 1 kikipashwa nyuzi 100 huongezeka milimita 0.9. Utasema hiyo si kitu. Basi chukua sahani ya sentimita 30 inayoshuka kutoka nyuzi 500 hadi 30: ikiwa ni ya 90 itasinyaa milimita 1.27, ikiwa ni ya 96 itasinyaa 1.35. Tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele, nayo inatosha kuipasua sahani, kwa kuwa kioo kigumu hakijui kunyumbuka.

Ndiyo maana waokoaji wazuri wa vigae hawavitengi kwa rangi; huvitenga kwa asili. Chupa mbili za kijani zilizotoka viwanda viwili zinaweza kugombana. Chupa moja iliyovunjwa ikaunganishwa na vipande vyake yenyewe haina ugomvi. Fundi mwenye akili ana ndoo nyingi, kila moja na jina la chupa au la dirisha, na hachanganyi hata kama jirani anamcheka kwa kuhifadhi takataka kwa majina.

Mkazo uliojificha ndani ya kioo unaweza kuuona kabla haujapasua kitu. Fungua kompyuta, weka ukurasa mweupe, vaa miwani ya jua ya kuchuja mng'ao, kisha kiinamishe kichwa hadi skrini iwe nyeusi. Sasa weka kipande chako angavu kati ya miwani na skrini. Kikiwa kimetulia, weusi unabaki. Kikiwa na mkazo, mwanga mweupe unajitokeza kuzunguka pale kilipoungana na kisichopatana nacho. Dereva anayevaa miwani ya aina hiyo huenda ameshaona madoadoa ya ajabu kwenye vioo vya nyuma vya magari mengine. Hayo ni mkazo huohuo, ila huo uliwekwa makusudi kiwandani.

Vigae vya Bujumbura vinatoka wapi?

Si kwenye bia. Brarudi, kampuni ya bia ya Burundi iliyoanzishwa mwaka 1955, inauza Primus na Amstel kwenye chupa zinazorudi: chupa ya sentilita 72 ina thamani yake hata ikiwa tupu, inarejea kwenye kreti, inaoshwa na kujazwa tena. Ukiivunja kwenye baa, unailipa. Jiji liliwahi hata kuwa na kiwanda chake cha vioo, VERRUNDI, kilichotengeneza chupa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo anayetarajia kuokota milima ya chupa za Primus Buterere, kwenye dampo la jiji, atarudi na ndoo nyepesi.

Kinachobaki ni kile kisicho na pa kurudi: chupa za mvinyo na wiski zilizoagizwa nje, vichupa vya jemu, masalio ya mafundi wa madirisha, na vioo vya magari. Usisahau vile vilivyopandwa kwenye saruji juu ya kuta za nyumba, ambavyo kwa maoni yangu ndiyo matumizi mabaya kuliko yote ya kioo kizuri cha kahawia.

Vioo vya dirisha vina siri inayowatesa waunganishaji. Tangu Pilkington wa Uingereza walipotangaza mwaka 1959 njia ya kukifanya kioo kielee juu ya bati lililoyeyuka, karibu kila kioo cha dirisha duniani kina pande mbili zisizofanana. Upande uliolalia bati umebeba chembe zake, na ukiwa vibaya tanurini hutoa ukungu mweupe usiofutika kwa sabuni. Mafundi huumulika kwa taa ya urujuani ya mawimbi mafupi: upande wa bati hung'aa kimaziwa. Asiye na taa hiyo hufanya jaribio la kipande kidogo kwanza, na huandika kwa wino upande gani ulikuwa juu.

Na gari? Pita kwenye karakana za mtaa wa Buyenzi na utaona aina mbili za mabaki. Kioo cha mlango wa Probox kikipigwa hugeuka chembechembe ndogo zisizokata sana, kwa sababu kiwandani kilipashwa moto kisha kikapulizwa upepo baridi: ngozi yake ikaganda kwanza, tumbo likabaki kuivuta. Chembe hizo zinafaa sana kwa kuunganishwa. Zikifika nyuzi 600 hivi kwa upole husahau mkazo wote na kuwa kioo cha kawaida. Kioo cha mbele ni habari nyingine. Kina utando wa plastiki katikati ya tabaka mbili, wazo lililopewa hataza mwaka 1909 kwa jina la Mfaransa Édouard Bénédictus, baada ya chupa yake ya maabara kuanguka na kupasuka bila kusambaratika. Utando huo ukiingia tanurini utakujazia karakana moshi. Kiache.

Anayevunja na kuponda, avae barakoa na kulowesha vigae kwa maji. Vumbi la kioo haliyeyuki kwenye mapafu.

Miezi kumi ya kusubiri

Kupata joto si tatizo kubwa. Wafinyanzi Watwa wa Burundi huchoma vyungu mahali wazi, kwa nyasi na kuni, na moto wa namna hiyo hufikia kiwango cha kulegeza kioo. Shida iko kwenye kushuka. Sahani ya kioo cha sanaa yenye unene wa milimita 12 inatakiwa ishikiliwe kwenye nyuzi 482 kwa saa mbili ili mkazo uondoke, kisha ishushwe nyuzi 55 kwa saa. Unene ukifika milimita 25, inashikiliwa saa nne na kushushwa nyuzi 15 tu kwa saa. Moto wa nyasi hauna subira hiyo.

Mfano mkubwa kuliko wote ulitokea Corning, jimbo la New York. Tarehe 25 Machi 1934 walimimina kioo cha darubini ya mlima Palomar, sinia la upana wa mita 5. Joto likang'oa vipandikizi vya kalibu, vikaelea juu ya kioo kilichoyeyuka mbele ya watazamaji. Sinia likaharibika. Disemba mwaka huohuo wakamimina la pili, na hilo likapozwa kwa takriban miezi kumi kabla ya kuguswa. La pili liko kwenye darubini hadi leo. La kwanza, lile lililoharibika, limewekwa makumbusho ya kioo ya Corning, na watu hulipa kiingilio kuliona.

Kwa mji ambao umeme hukatika, kuna habari njema kidogo. Tanuri lenye matofali mazito ya kuhifadhi joto haliporomoki mara moja umeme ukiondoka, na likiwa limefungwa vizuri hushuka polepole kwa saa nyingi. Ukikatika wakati wa kupanda, aghalabu hakuna kilichoharibika: acha lipoe lenyewe, anza upya. Ukikatika juu ya nyuzi 482, omba matofali yawe mazito, na usifungue mlango kuchungulia. Udadisi umeua sahani nyingi kuliko umeme.

Lakini ipo njia ya kuikwepa subira yote hiyo, nayo ni ya Kiafrika na ni ya zamani: tengeneza kitu kidogo. Mkazo wa kupoa hutokana na ngozi kutangulia tumbo, na shanga haina tumbo la kutajwa.

Unga wa chupa na kikonyo cha muhogo

Wakrobo wa Ghana, hasa eneo la Odumase, wamelifanya jambo hili kuwa kazi ya mji mzima. Chupa kuukuu hupondwa kwenye kinu cha chuma, unga huchekechwa na kumiminwa kwenye kalibu za udongo zilizopakwa kaolini ili zisishikane na kioo. Katikati ya kila shimo huchomekwa kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu zikiingia kwenye tanuri la kuni lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, kioo huungana, kikonyo huungua na kuwa majivu, na tundu la uzi hubaki mahali pake. Kwa aina nyingine hawapondi unga: huweka vigae vyenyewe, na vikishalainika huvitoboa na kuvizungusha kwa vyuma viwili vyenye ncha, kalibu ikiwa bado nyekundu kwa moto. Nikiulizwa ni ufundi upi ungefaa Bujumbura, ningechagua huu bila kusita. Muhogo upo, udongo upo, vichuguu vipo, na kompyuta ya kuongoza tanuri haihitajiki.

Hata Wakrobo si wa kwanza. Kwenye bonde la Limpopo, mahali wanaakiolojia wanapopaita K2 karibu na Mapungubwe, kati ya karne ya 11 na mwanzo wa ya 13 watu waliyeyusha upya shanga ndogo za kioo zilizoingia kwa biashara ya Bahari ya Hindi, wakazimimina kwenye kalibu za udongo na kupata shanga moja nene ya bluu-kijani. Kalibu zenyewe zimechimbuliwa. Yaani bidhaa iliyoshushwa kwenye bandari za mwambao haikuwa mwisho wa safari. Bara iliichukua kama malighafi.

Huku kwetu, kwenye Ziwa Tanganyika, shanga zilikuwa pesa. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji Februari 1874 alikuta soko likiendeshwa kwa shanga zilizoitwa sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Asubuhi, wabadilishaji waliketi na mifuko ya sofi, wakiwauzia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Jioni walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida kwenda na kurudi. Anayefahamu wabadilishaji wa faranga na dola atatabasamu hapo.

Na biashara ya vigae vyenyewe? Roma ya karne ya kwanza ilikuwa na wachuuzi waliozunguka mitaani wakitoa njiti za salfa kwa kubadilishana na vioo vilivyovunjika. Mnamo mwaka 1025 hivi, jahazi lilizama Serçe Limanı, pwani ya Uturuki ya leo, likiwa na tani 3 za kioo: kama tani 2 za mabonge ghafi na tani 1 ya vyombo vilivyovunjika na mabaki ya karakana. Mwanaakiolojia George Bass na wenzake walilichimbua kati ya mwaka 1977 na 1979. Kisha wakaketi na mamia kwa maelfu ya vigae, miaka kwa miaka, wakivipanga hadi vikombe na mitungi ikasimama tena kwenye makumbusho ya Bodrum. Aliyevivunja alivipeleka vikayeyushwe. Bahari ikamkatalia.

Leo, jirani zetu wanaofanya kazi hii kwa ukubwa wako Kenya na Tanzania, ingawa wao zaidi hupuliza. Kitengela, pembezoni mwa Nairobi, ilianzishwa na msanii Nani Croze mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanawe Anselm akaongeza karakana ya kioo cha moto inayokula madirisha na chupa kuukuu. Arusha kuna Shanga, karakana inayoajiri watu wenye ulemavu, na sehemu ya malighafi yake ni chupa tupu za hoteli za watalii. Wanachookoa si takataka tu, ni kuni na umeme pia: kwenye tanuri la kiwanda, kila asilimia 10 ya vigae inayochanganywa na malighafi mpya hupunguza nishati kwa karibu asilimia 3, kwa kuwa kioo kilichowahi kuwa kioo huyeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga na magadi.

Turudi kwenye sahani iliyopasuka

Ikiwa ufa ni wa haraka tu na vioo vinapatana, unaweza kusogeza mapande pamoja na kuyachoma upya. Yatashikana. Ila mstari wa ufa utaonekana, hafifu kama mshono, hata ukiwa na mkono mzuri. Mimi sioni faida ya kuuficha. Bora kuikata sahani yote vijiti, kuvisimamisha upande kwa upande ili rangi za ndani zitazame juu, na kupata kitu ambacho sahani ya awali isingekuwa.

Njia nyingine ni chungu cha maua. Vigae hujazwa kwenye chungu cha udongo chenye tundu chini, chungu huinuliwa juu ya ubao, na tanuri hupelekwa juu ya nyuzi 900. Kioo huchuruzika kupitia tundu na kujizungusha chini, rangi zikifuatana bila kuchanganyika kabisa. Hakuna sinia mbili zinazofanana.

Anayeponda ajue kwamba ukubwa wa chembe huamua mwonekano. Unga laini hushika hewa nyingi na kutoka wa kimaziwa. Chembe za ukubwa wa mchele hutoka angavu zaidi. Kioo cha chupa kina tabia ya kuota utando mweupe juu kikikawia kwenye joto la kati, na dawa yake ya kawaida ni kunyunyizia maji ya boraksi kabla ya kuchoma.

Rangi je, ikiwa huruhusiwi kuchanganya ndoo? Wakrobo walishalitatua: chukua unga wa chupa moja isiyo na rangi na uutie rangi ya madini. Oksidi ya kobalti, hata sehemu 1 kwa 1,000, hutoa bluu iliyokolea, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, ng'ambo tu ya ziwa, upande wa Katanga.

Na kama umeokota vigae viwili usivyovijua ukoo wao, kuna kipimo kisichohitaji maabara. Shika kijiti chembamba cha kila kimoja, viyeyushe ncha pamoja kwa mwali wa fundi wa kuchomelea, vikiwa vimelala ubavu kwa ubavu, kisha vuta haraka hadi upate uzi wa kioo wa urefu wa mkono. Uache upoe. Uzi ukipinda, kioo kilicho upande wa ndani wa pindo ndicho kinachosinyaa zaidi, na viwili hivyo viende ndoo tofauti. Ukibaki umenyooka, vinaweza kuingia tanuri moja.